Mwili wa Mtoto Mwenye Usonji

(Mhadhara uliotolewa mbele ya wazazi, walimu na watumishi wa afya. Umechapishwa kama ulivyosomwa, pamoja na maneno machache yaliyosemwa nje ya maandishi.)

Wale mliokuja na watoto, tafadhali msiwatoe nje wakipiga kelele. Mtoto akitaka kuzunguka ukumbi, mwacheni azunguke. Mazungumzo haya yanamhusu yeye kwanza.

Nimeombwa nizungumzie usonji. Kuchelewa kusema, kupanga vitu mstari, kutotazamana na watu machoni, hayo mmeyasikia mara nyingi katika maadhimisho ya tarehe 2 Aprili, siku iliyotengwa na Umoja wa Mataifa. Leo nimekuja kuzungumzia mwili: tumbo, meno, damu, usingizi na kifafa. Kusudi langu ni kuwaonyesha kwamba watoto wetu wengi wenye usonji wanaumwa maradhi ya kawaida yanayotibika, na kwamba hawatibiwi kwa sababu maumivu yao tunayaita tabia.

Niweke msingi kwanza. Usonji ni tofauti katika ukuaji wa ubongo inayoanza mapema sana, mara nyingi kabla ya mtoto kuzaliwa, na urithi una sehemu kubwa ndani yake. Si laana, wala mama hakuvunja mwiko wowote. Shirika la Afya Duniani linakadiria kuwa mwaka 2021 mtu 1 kati ya 127 alikuwa na hali hii. Hakuna kidonge cha kuuondoa usonji, na sidhani kama tunahitaji kukitafuta. Ila mtoto mwenye usonji anaumwa kama mtoto mwingine yeyote, na baadhi ya maradhi yanampata zaidi ya wenzake.

Jambo hili halikugunduliwa jana. Mwaka 1943 daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, aliandika habari za watoto 11, na makala hiyo ndiyo iliyoufanya usonji ujulikane kitabibu. Ukiisoma utakuta ameandika waziwazi kwamba wengi wao walikuwa na shida kubwa ya kula tangu uchanga: wanatapika, wanakataa kunyonya, wanalishwa kwa mpira. Habari za mwili zilikuwamo tangu ukurasa wa kwanza wa historia hii. Kilichofuata ni miaka zaidi ya ishirini ya wataalamu wa Ulaya na Marekani kumlaumu mama kwamba ana moyo wa baridi, mpaka Bernard Rimland, aliyekuwa mwanasaikolojia na pia baba wa mtoto mwenye usonji, alipochapisha kitabu mwaka 1964 kuipinga lawama hiyo. Katika miaka yote hiyo tumbo la mtoto halikuulizwa. Sisi nasi tuna lawama zetu za kumtwisha mama, na matokeo yake ni yaleyale: watu wanatafuta mkosaji wakati mtoto anaumwa.

Hoja ya kwanza: jina la usonji linafunika maumivu.

Mtoto akishapewa jina hilo, kila anachofanya baadaye kinawekwa chini yake. Akijipiga kichwa, ni usonji. Akikataa kula, ni usonji. Akiamka saa nane usiku analia, ni usonji. Mtoto wa jirani akijishika shavu akalia, anapelekwa kwa daktari wa meno siku hiyohiyo.

Mchukueni kijana wa miaka tisa asiyesema. Amekaa darasani vizuri kwa muda mrefu, kisha anaanza kujipiga makofi upande wa kushoto wa uso. Anamng'ata mwalimu msaidizi. Anakataa ndizi za kukaanga alizokuwa akizipenda. Shule inamwita baba. Baba anampeleka kwa shehe anasomewa, halafu anampeleka hospitali, anaandikiwa dawa ya kumtuliza. Kweli anatulia, maana anashinda amelala. Wiki kadhaa baadaye muuguzi mmoja mvumilivu anambembeleza afungue mdomo, anaona gego la chini limeoza mpaka kwenye mzizi na ufizi umejaa usaha. Gego linang'olewa. Makofi yanakoma. Kijana huyu alikuwa akituonyesha kwa mkono wake mahali panapouma, tena upande uleule, na sisi tukampa dawa ya usingizi.

Watu husema watoto hawa hawasikii maumivu. Si kweli. Wanayasikia, ila wengi hawayaonyeshi kwa namna tuliyoizoea: hawaji mbio kwa mama, hawanyooshi kidole, uso haukunjamani. Mmoja anacheka, mwingine anakimbia ovyo, mwingine anarudi kujikojolea wakati alikwisha acha. Kwa hiyo nawaomba mshike kanuni moja: tabia ikibadilika ghafla, au ikizidi bila sababu inayoonekana, mwili uchunguzwe kwanza. Masikio, koo, meno, tumbo, mkojo, ngozi, miguu. Hata ule uamuzi wa mwanzo kabisa, kwamba mtoto haitikii akiitwa, usifanywe kabla usikivu wake haujapimwa.

Kuhusu meno niongeze kidogo. Mswaki ni mateso kwa mtoto ambaye kinywa chake hakivumilii povu wala ladha kali. Msimshike watu watatu. Anzeni na mswaki laini wenye maji tu, hata kwa meno mawili ya mbele, kisha dawa kidogo isiyo na mnanaa mkali. Baadhi yao husaga meno usiku mpaka yanachakaa, na hilo nalo ni la kumwonyesha daktari.

Hoja ya pili: tumbo ndilo linaloongoza kwa kusahauliwa.

Hapa nitakaa kidogo. Mwaka 2010 jarida la Pediatrics la Marekani lilichapisha makubaliano ya mabingwa wa magonjwa ya watoto wakisema kwamba mtoto mwenye usonji anayeonyesha dalili za tumbo anastahili uchunguzi uleule anaofanyiwa mtoto mwingine, na kwamba mabadiliko ya tabia yenyewe yanaweza kuwa ndiyo dalili pekee. Mwaka 2014 tafiti nyingi zilijumlishwa pamoja, ikaonekana kwamba malalamiko ya tumbo kwa watoto hawa ni zaidi ya mara nne ya wenzao: kufunga choo, kuhara, kuumwa tumbo.

Kufunga choo ndiko kunakotusumbua zaidi, na kunadanganya. Mtoto anakula wali mweupe, mkate na chai, mboga hataki, maji anakunywa kidogo. Choo kinakuwa kigumu, kinamuumiza, kesho yake anakibana. Ongezeni choo cha shule chenye giza, harufu na mwangwi: anabana tena. Baada ya wiki chache utumbo umejaa na kutanuka, mtoto hapati tena hisia ya kwenda haja. Kisha kinyesi laini kutoka juu kinapita pembeni ya kile kigumu na kuchafua nguo. Mwalimu anaona mtoto mchafu. Mama anaona mtoto anaharisha, anakwenda duka la dawa, anapewa dawa ya kuzuia kuhara. Tatizo linaongezwa juu ya tatizo.

Mtamjuaje? Mwangalieni anavyokaa. Yuko mtoto anayelala kifudifudi juu ya mkono wa kochi, tumbo limekandamizwa pale, miguu ikining'inia. Yuko anayesukuma ukingo wa dawati kwenye kitovu. Wengine husimama kwa ncha za vidole wakakaza makalio, wakajificha nyuma ya pazia. Mwenye kiungulia anakunja shingo nyuma, anameza mate mara kwa mara, anatafuna kola ya shati, na usiku akilazwa chali ndipo analia. Mzazi mmoja hapa mbele anatikisa kichwa. Nadhani anamwona mwanawe.

Tiba ya kufunga choo inajulikana. Choo kigumu kilichokwisha jaa kitolewe kwanza kwa usimamizi wa tabibu, kisha mtoto aendelee na dawa ya kulainisha, kama laktulosi au makrogoli, kwa miezi, si kwa siku tatu. Wengi wanaacha mapema na kurudi walikotoka. Akalishwe chooni baada ya chakula, kila siku saa ileile, miguu ikiwa imekanyaga kitu. Papai, maji na maharage vinasaidia kwa yule anayekubali kuvila. Minyoo nayo itibiwe kama kawaida.

Lazima niseme neno hapa kuhusu chanjo. Mwaka 1998 jarida la The Lancet lilichapisha makala ya Andrew Wakefield wa Uingereza iliyounganisha usonji, utumbo na chanjo ya surua, matumbwitumbwi na rubela. Uchunguzi ulibaini udanganyifu, makala ikafutwa mwaka 2010, na Wakefield akafutwa katika orodha ya madaktari. Utafiti wa Denmark uliotolewa mwaka 2019, ukiwa na watoto zaidi ya 650,000, haukuona chanjo hiyo ikiongeza usonji. Makala ile ilileta madhara mawili. La kwanza mnalijua: wazazi waliogopa chanjo na surua ikarudi. La pili linasemwa mara chache: kwa miaka mingi watafiti waadilifu waliogopa kugusa habari ya tumbo na usonji wasije wakahesabiwa pamoja naye. Watoto wakabaki na matumbo yao. Mpelekeni mtoto chanjo, na mpelekeni pia akapimwe tumbo.

Hoja ya tatu: kuchagua chakula kunaweza kufika mahali pa hatari.

Kila mtoto huchagua. Huyu wetu anaweza kuwa na vyakula vitano tu duniani, tena vya rangi moja: chipsi, wali, mkate, biskuti, chai ya maziwa. Si jeuri. Ulaini wa nyanya iliyopikwa au nyuzi za mchicha vinaweza kumtapisha kweli. Uzito wake unaweza kuwa mzuri kabisa, na hapo ndipo tunapodanganyika, maana mzani haupimi madini chuma wala vitamini.

Damu hupungua. Chai ikinywewa pamoja na chakula inazuia madini chuma yasifyonzwe vizuri, kwa hiyo ile chai yake ya maziwa ipelekwe mbali na mlo. Majarida ya kitabibu ya Marekani yameandika habari za watoto wenye usonji waliopata kiseyeye, ugonjwa tuliodhani umebaki kwa mabaharia wa zamani. Mtoto anakataa kutembea, miguu inamuuma, ufizi unavimba na kutoa damu. Wamepigwa picha za mifupa, wametafutiwa saratani, kumbe ni upungufu wa vitamini C. Sisi tuna machungwa ya Muheza, mapera na ubuyu, hatuna sababu ya kufika huko. Unga mweupe wa ubuyu usiotiwa rangi, kijiko kimoja ndani ya uji uliokwisha poa, watoto kadhaa huupokea kwa kuwa haubadilishi rangi ya uji wao. Kitu kipya kiwekwe pembeni ya sahani, kidogo, siku nyingi mfululizo, bila kulazimisha.

Wengine wanakula visivyoliwa: udongo, mkaa, rangi ya ukutani, nyuzi za zulia. Mara nyingine chanzo ni upungufu wa madini chuma, kwa hiyo damu ipimwe. Na udongo wenyewe una hatari zake. Wakazi wa Owino Uhuru, Mombasa, waliishi na vumbi la risasi kutoka kiwanda cha kuyeyusha betri chakavu mpaka kilipofungwa mwaka 2014, na watoto wao wakadhurika. Risasi inaharibu ubongo wa mtoto yeyote. Mtoto anayekula udongo kila siku karibu na gereji au mahali panapovunjwa betri anaimeza kuliko wenzake wote wa mtaa huo.

Hoja ya nne: kifafa.

Katika watu wote, mwenye kifafa ni kama mmoja kwa mia. Kwa watoto wenye usonji, tafiti nyingi zinatoa kati ya mmoja na watatu kwa kila kumi, na wenye ulemavu wa akili pia ndio wanaopata zaidi. Huanza katika vipindi viwili: miaka ya mwanzo ya utoto, na tena wakati wa kubalehe. Wazazi wenye watoto wa miaka kumi na miwili, msijione mmevuka.

Huku kwetu kuna jambo la ziada, nalo ni malaria kali. Mwaka 2006 watafiti waliandika habari za watoto 14 wa Tanzania waliotimiza vigezo vya usonji. Watatu kati yao walikuwa wamekua vizuri, kisha usonji ukaonekana baada ya kupona malaria kali yenye homa ndefu na degedege. Idadi ni ndogo, na watoto saba katika hao hawakuonyesha uhusiano wowote na malaria. Lakini inatosha kutukumbusha kwamba degedege lenye homa ni dharura ya hospitali. Kumfukiza moshi ni kupoteza saa ambazo ubongo hauwezi kuzirudisha.

Kifafa cha kuanguka na kutetemeka kila mtu anakitambua. Kipo kingine cha kimya. Mtoto anaimba, anakatika katikati ya neno, anakodoa macho, anatafunatafuna midomo, kisha anaendelea au anasinzia. Kwa mtoto mwenye usonji mwalimu atasema amezubaa kama kawaida yake. Mjaribuni: mguseni bega, mwiteni kwa kitu akipendacho. Aliyezubaa kwa kawaida utamrudisha. Mwenye kifafa hatarudi mpaka kipite. Mna simu za mkononi, mrekodini. Video ya nusu dakika humsaidia daktari kuliko maelezo ya saa nzima, hasa mahali ambapo kipimo cha umeme wa ubongo hakipatikani.

Akianguka, mlazeni ubavu, ondoeni vitu vya kumuumiza, angalieni saa. Msimtie kijiko mdomoni, msimshikilie, na povu lake haliambukizi. Ikipita dakika tano, hospitali.

Dawa zipo, na si za leo. Mwaka 1960 daktari Louise Jilek-Aall kutoka Norway alianzisha kliniki ya kifafa Mahenge, Morogoro, kwa watu waliokuwa wakila peke yao kwa sababu ya hofu ya majirani, na dawa zikawarudisha wengi mashambani mwao. Kosa letu kubwa sasa ni kuziacha njiani: mtoto hajaanguka mwezi mzima, baba anasema amepona. Kuacha ghafla kunaweza kuleta kifafa kisichokatika. Uswidi, nchi yenye hospitali za kutosha, utafiti wa mwaka 2016 ulionyesha kuwa watu wenye usonji hufariki wakiwa na umri mdogo kwa wastani wa miaka 16 kuliko wengine, na kwa wale wenye ulemavu wa akili pia, kifafa ni miongoni mwa sababu kubwa. Nadhani mnaelewa kwa nini nimelisemea jambo hili kwa sauti.

Hoja ya tano ni usingizi, nayo nitaipita haraka. Nusu ya watoto hawa au zaidi wana shida nayo, na nyumba nzima hailali. Kabla ya kutafuta dawa, ulizeni: anaumwa tumbo? Ana upungufu wa madini chuma unaofanya miguu isitulie? Ana mafindofindo yanayomfanya akorome? Kisha taa na simu zizimwe mapema, alale saa ileile kila siku. Melatonini inawasaidia baadhi, kwa ushauri wa daktari.

Hoja ya sita: tujihadhari na tunachompa.

Risperidoni ilikubaliwa Marekani mwaka 2006 kwa ajili ya hasira na kujiumiza kwa watoto wenye usonji. Ina nafasi yake. Lakini huongeza hamu ya kula na uzito, na inaweza kuharibu sukari ya damu, kwa hiyo anayeitumia apimwe uzito na damu mara kwa mara. Isiandikwe kabla mdomo na tumbo havijaangaliwa. Kuzuia ngano na maziwa hakujathibitishwa kuwa tiba ya usonji, na mtoto mwenye vyakula vitano ukimwondolea viwili umemwacha na njaa. Na wako wanaouza maji ya klorini dioksidi, wakisema yanasafisha utumbo na kuondoa usonji. Hiyo ni dawa ya kung'arishia nguo. Mamlaka ya chakula na dawa ya Marekani ilionya tena mwaka 2019 kwamba ni hatari kwa maisha. Aliyekuuzia ni mhalifu, hata kama alikusikiliza kwa upole kuliko sisi wa hospitali.

Maneno hayo ya mwisho yametuchoma sisi watumishi wa afya, na tuyakubali. Mzazi anakwenda kwa mwuza maji kwa sababu kwetu mtoto alipiga kelele, akaambiwa amtoe nje. Kwa hiyo mbele yetu kuna kazi. Vyuo vya matabibu viwafundishe wanafunzi namna ya kumpima mtoto asiyesema: kumpa muda, kumruhusu ashike kipimo kwanza, kumchunguza akiwa mapajani kwa mama, kumpangia saa ambayo foleni haijajaa. Halmashauri zipeleke daktari wa meno katika shule zenye vitengo vya elimu maalumu kila muhula. Walimu, wekeni daftari moja la kila mtoto: amekula nini, amekwenda choo lini, amelala saa ngapi, tukio gani limetokea saa ngapi. Daftari hilo lije kliniki pamoja na mtoto.

Na wewe mzazi, ukienda kliniki, mwambie tabibu kwa heshima: naomba umpime mwanangu kama unavyompima mtoto mwingine yeyote. Akikujibu kwamba hiyo ni hali yake tu, rudia ombi lako. Usiinuke kwenye kiti mpaka ameangalia masikio na mdomo, ameshika tumbo, na ameandika kipimo cha damu.

Karibuni kwa maswali, na wazazi waanze.